Mwaka wa Barua Zilizokwama

Mwezi uliopita nilikwenda Katesh kwenye harusi ya binti wa Yohana, ambaye zamani tulifanya kazi pamoja Mbulu, yeye akiwa mtunza dawa nami nikiwa mtu wa kompyuta. Baada ya kula, sisi tuliowahi kuwa ofisi moja tulijikuta meza moja nyuma ya ukumbi, karibu na spika, na kwa kuwa muziki ulituzidi nguvu tukawa tunasimuliana kwa kupiga kelele. Hapo ndipo Yohana, baba wa bibi harusi mwenye haki ya kusema lolote siku hiyo, aliponishika bega akawatangazia vijana wa meza ya jirani: "Mnamwona huyu mama? Huyu ndiye aliyemfukuza kazi Mzee Tarmo kwa kompyuta! Mzee akaagwa na watu wote, kondoo akaliwa, Jumatatu anaambiwa rudi kazini!" Wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti, hadi nikafuta macho kwa leso. Kijana mmoja akauliza, "Na mzee mwenyewe yuko wapi sasa?" Yohana akasema, "Ah, yule tulimzika mvua za mwaka jana." Sikuwa na habari. Kicheko kilikuwa bado kiko mdomoni na sikujua nikipeleke wapi. Uso umeumbwa na haya, husema watu, lakini wangu siku ile ulikuwa unacheka msiba wa mtu aliyenilisha, na tangu nirudi nyumbani sijaweza kukaa vizuri na nafsi yangu. Kwa hiyo nauandika mwaka ule kama ulivyokuwa, bila utani wa Yohana.

Nilifika Mbulu nikiwa kijana, tena kijana anayejua kompyuta, magonjwa mawili kwa mpigo. Shirika lililoniajiri lilikuwa dogo, limeshafungwa, na jina lake halina haja hapa. Lilikuwa na zahanati Tumati, Daudi, na moja kule Nangwa upande wa Hanang, na ofisi yake ilikuwa Mbulu mjini, katika nyumba ya zamani yenye sakafu ya saruji iliyotoa ubaridi kama inalipwa. Mimi natoka sehemu za joto. Wiki ya kwanza nilikwenda kazini nimevaa kanga juu ya sweta juu ya sweta, na mlinzi akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Chumba changu kilikuwa stoo ya magodoro, na magodoro mengine yalibaki humo humo, yamesimamishwa ukutani nyuma ya kiti changu. Kati yangu na mkurugenzi palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, hivyo nilisikia simu zake, kikohozi chake, na jinsi alivyomwambia mhudumu apunguze majani kwenye chai. Alikuwa mama mmoja wa Same, mkali wa muda lakini mwepesi wa kucheka. Saa nne asubuhi tuliacha kila kitu tukaenda jikoni, kuanzia yeye hadi mlinzi, tukanywa chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha, na hakuna aliyeruhusiwa kuzungumzia kazi hadi vikombe viishe. Bado naamini ile ndiyo ilikuwa ofisi bora niliyowahi kufanya kazi, jambo ambalo linaniongezea aibu.

Kazi iliyonipeleka ilikuwa moja: kuweka programu ya kufungulia mafaili kutoka mbali. Majibu ya vipimo vilivyopelekwa hospitali kubwa yalikuwa yakirudi ofisini kwetu, yakalala kwenye bahasha hadi apatikane mtu anayekwenda Tumati au Nangwa, na wakati wa mvua mtu huyo hakupatikana. Kwa programu ile tungepiga picha majibu, tukayaweka kwenye kompyuta moja nyeusi iliyokaa chini ya meza yangu, na mganga aliyeko zahanati angeyafungua kwa simu yake. Watu wa ofisini waliibatiza jina la Kabati. Kabati lilifanya kazi mapema sana, na nikasifiwa mapema sana. Tatizo ni kwamba aliye mbali hawezi kujua kuna kitu kabatini mpaka aambiwe, na Kabati lilitakiwa limwambie lenyewe kwa barua pepe. Kulikuwa na ukurasa mmoja wa kujaza: anwani ya seva ya kutuma barua, namba ya mlango ambao barua hupitia, aina ya ulinzi, jina la kuingilia, nywila, na jina la mtumaji litakaloonekana kwa mpokeaji. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kutuma ujumbe wa majaribio. Nilijaza, nikabonyeza, nikasubiri, yakaja maandishi mekundu kwamba imeshindikana. Nikabadilisha namba ya mlango, nikabonyeza, mekundu. Nikaambiwa na kampuni ya intaneti kwamba mlango ule wameufunga kwa wateja wote kwa sababu ya matapeli. Nikahamia mwingine, nao ukanikubali nusu ya njia kisha ukaikataa nywila ya ofisi. Ukurasa ule mmoja ulinila sehemu kubwa ya mwaka, nami kila asubuhi jikoni nilisema, "Leo itakubali."

Kabla hayo maandishi mekundu hayajanizoea, mkurugenzi alinituma kuzunguka zahanati zote nikawafungulie watumishi barua pepe kwenye simu zao. Tumati nilikwenda nikakuta Mzee Tarmo. Alikuwa tabibu wa zahanati ile, mwenyeji wa kule kule, mrefu, mwembamba, mwenye koti la kahawia, na ingawa vyeti vyake havikusema hivyo, kila mtu alimwita daktari. Alikuwa amebakiza muda usiofika mwaka astaafu. Hakukubali tufanye kazi ya simu zahanati. Alisema mgeni haanzi na kazi, akanipeleka nyumbani kwake. Mkewe, Mama Elibariki, alikuwa ameshawasha moto, na chumba cha kukalia kilinukia moshi wa kuni na maziwa. Nilimwamkia yeye, nikamwamkia mama mzazi wa mzee aliyeketi kwenye kona amejifunika blanketi, nikamwamkia na jirani aliyechungulia dirishani. Mzee Tarmo akacheka. "Wewe binti unasalimia kama mtu aliyelelewa," akasema. Aliposikia jina langu ni Zuhura hakuniuliza dini. Alitoka nje, akamtuma mtu senta kwenye duka la Mwislamu mmoja aje achinje kuku, na sisi tukasubiri hapo, saa nzima na zaidi, tukiongea habari za mvua. Nikamwambia asingejisumbua, ningekula hata mboga. Akasema, "Mgeni akila kwa wasiwasi hajala." Kuku yule nilimla na ugali mgumu wa pale, mikono ikiwa imeshaanza kupata joto, na baadaye nikaichukua simu aliyonunuliwa na mwanawe, nikamwekea barua pepe, nikamwonyesha itakavyolia.

"Sasa ikilia nitajuaje ni ya nani?" akauliza.

"Juu itaandika jina la aliyeituma, mzee. Itaandika jina la ofisi."

"Basi jina la ofisi nikiliona nitakaa vizuri kwanza, ndipo nisome," akasema, naye hakuwa anatania.

Miezi ya katikati ya mwaka naikumbuka kwa uvivu wangu zaidi kuliko kwa bidii yangu. Nilikuwa nimewaandikisha watumishi wote kwenye Kabati ovyo, majina mengine yamegeuzwa, zahanati zimechanganyika. Siku moja nikakasirika, nikawafuta wote, nikawaandika upya kwa mpangilio. Kila ukimwandika mtu, programu hutaka kumtumia barua ya kumkaribisha. Ukimfuta, hutaka kumtumia barua ya kumwambia kwamba amefutwa. Barua hizo nilizitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nikajiona mwandishi. Ya kufuta nilipaswa kueleza wazi kwamba ni programu tu, lakini niliufuata Kiingereza chake jinsi kilivyokaa, na Kiingereza cha kompyuta hakisalimii mtu: "Umeondolewa na msimamizi. Kuanzia sasa huna ruhusa ya kuingia. Asante kwa ushirikiano wako." Wakati wa kuwaandika upya niliondoa alama kwenye kisanduku cha kumjulisha mtu, maana nilishachoka kuona mekundu kwa kila jina. Nilidhani barua iliyoshindikana imekufa. Sikujua kwamba programu ile haitupi kitu. Kila barua iliyoshindwa kutoka iliwekwa kwenye foleni, ikakaa humo miezi yote hiyo ikisubiri mlango ufunguliwe. Ilikuwa imeandikwa kwenye maelekezo, na maelekezo nilikuwa nimeyasoma juu juu kama mtu anayesoma onyo kwenye kiberiti.

Ikatangazwa kwamba wafadhili wangekuja kutazama Kabati. Mkurugenzi alinipitia mlangoni akasema tu, "Zuhura, mwanangu, usinitie aibu," akaenda zake. Ijumaa ile baada ya chakula cha mchana niliachana na anwani ya ofisi, nikaingiza anwani yangu mwenyewe ya barua pepe, ile niliyoifungua chuoni, pamoja na nywila ya pekee ambayo wenye huduma humpa mtu kwa ajili ya programu. Kwenye jina la mtumaji nikaandika jina langu, kwa sababu kila nilipoweka jina la ofisi ilikataa, na nilijiambia nitalibadilisha baadaye. Nikabonyeza kitufe. Yakaja maandishi ya kijani. Nilipiga ukelele nikaangusha godoro moja. Yohana alikuja mbio akidhani ni nyoka, mkurugenzi akagonga ukuta kuuliza kuna nini, sisi watatu tukatumiana ujumbe wa majaribio, tukashikana mikono, mhudumu akapika chai ambayo si ya saa yake. Na sisi tukiwa jikoni tunacheka, Kabati lilikuwa linaifungua foleni yake na kutoa kila kitu lilichokuwa limekishikilia, barua moja baada ya nyingine, zote kwa jina langu.

Simu ya kwanza ilitoka Daudi, kwa nesi mmoja wa rika langu. "We Zuhura, ndiyo umenifukuza hivyo, hata soda hamna?" Alikuwa anacheka. Kabla sijaelewa, yule wa Nangwa akanitumia vikaragosi vinavyolia. Nikakimbilia kwenye kompyuta, nikaona foleni yote imetoka, pamoja na zile barua za kufuta watu. Nikaandika barua kwa wote kwamba ni hitilafu ya mitambo, wazipuuze, hakuna aliyeondolewa. Wote wakajibu kwa utani, isipokuwa Mzee Tarmo. Nikampigia, haipatikani. Tumati simu kutopatikana ilikuwa jambo la kawaida, mtandao ulikuwa unakamata kilimani tu, kwa hiyo nilijiambia akipanda kilimani ataiona barua yangu ya pili. Sikumpigia tena. Nilikuwa na furaha yangu, na mtu mwenye furaha yake hapendi kuivuruga kwa kufuatilia. Jumamosi nilifua, Jumapili Yohana na mkewe walinialika nikala makande, nikawasimulia kwa madaha jinsi nilivyolishinda lile Kabati. Saa zile zile, kule Tumati, watu walikuwa wanamuaga Mzee Tarmo.

Jumatatu nilirudi kutoka chai nikamkuta ameketi kwenye benchi la nje ya chumba changu. Alikuwa amevaa suti nyeusi, si lile koti, na tai iliyofungwa na mtu mwingine, maana fundo lilikuwa limeelekea upande. Mikononi alikuwa na leso nyeupe iliyofungwa. "Shikamoo mzee! Za Tumati?" nikasema, na nakumbuka nilikuwa na kipande cha kiazi mkononi. "Marahaba, mwanangu. Tumati salama," akasema, akasimama, akanipa ile leso kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Ndani yake mlikuwa na funguo za zahanati, ya mlango, ya kabati la dawa na ya friji la chanjo. "Nimemwachia nesi zile za akiba ili wagonjwa wasihangaike. Hizi nimeona nizilete mwenyewe kwa aliyeniandikia."

"Mzee, hapana," nikasema. "Mzee, ile si barua. Ile ni mashine."

Akauliza, "Mashine ina jina lako?"

Nilimvuta ndani kwa mkurugenzi, nikaeleza huku ulimi unajikwaa, foleni, mlango, anwani yangu, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtoto anayemsingizia paka. Mkurugenzi mwanzoni alicheka. Kisha alipoiona ile suti, akaacha. Akaniambia nisubiri nje. Nikakaa chumbani kwangu kati ya magodoro, na kupitia ukuta ule wa mbao nikayasikia yote. Alimwambia samahani ya ofisi, akamwambia hakuna anayemwondoa, akamwambia kesho arudi kwenye kazi yake. Kisha nikamsikia Mzee Tarmo akisema taratibu, "Mama, nimeshaagwa."

"Umeagwa na nani, mzee wangu, wakati ofisi haijakuaga?"

"Na watu. Jana, baada ya ibada. Jumuiya ilinichinjia kondoo, ikanipa blanketi. Wazee waliniombea, wakasema niende na nipumzike vizuri. Sasa nikirudi kesho asubuhi nifungue mlango, nitawaambia nini? Kwamba nilikula kondoo wao kwa uongo?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na sisemi hivyo kwa mazoea ya lugha. Nilikuwa nimezoea kosa ambalo unalifuta na kuandika upya. Hili lilikuwa limeshaliwa na watu, limeombewa, limefunikwa blanketi. Hayo si maji ya kuzoleka.

Mkurugenzi aliamua mimi na Yohana tumrudishe na gari la ofisi siku ile ile. Njiani Yohana alijaribu kusifia mahindi ya watu. Mama Elibariki alitupokea mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia jikoni, nasi tukakaa kwenye chumba kile kile kinachonukia moshi, mama mzazi wa mzee akiwa kwenye kona yake. Kutoka jikoni nilisikia mume na mke wanazungumza Kiiraqw kwa sauti ya chini. Sikielewi, ila jina langu nililisikia likipita katikati, mara moja, mara mbili, na baada ya mara ya pili kitu kikawekwa chini kwa nguvu. Mama Elibariki akatoka na ugali na maziwa ya mgando, akaweka bakuli la nyama mbele ya Yohana tu. "Wewe mwanangu utanisamehe," akaniambia, na macho yake hayakuwa yakinisamehe. "Huyu ni kondoo wa jana, wa kumuagia baba yenu. Hatukujua utakuja, tungekuitia mtu wa kuchinja." Nikala ugali na maziwa. Ulikuwa mzuri.

Nilipopata ujasiri nilimuuliza mzee kwa nini hakupiga simu. Wenzake wote walipiga au waliandika. Nilimuuliza, Mungu anisamehe, kwa sauti yenye lawama kidogo, kama vile naye alichangia. Hakukasirika. Alinawa mikono kwanza. "Barua ililia nikiwa kilimani," akasema. "Nikaona jina lako. Nikafurahi, nikasema binti amenikumbuka. Nikakaa chini nisome. Sikuona shikamoo. Sikuona hujambo mzee, wala habari za mama. Nikasema, Zuhura ninayemjua hawezi kuniandikia hivi kwa moyo wake. Huyu ametumwa. Wamemkalisha wakubwa, wakamwambia andika, naye ameandika huku analia, ndiyo maana salamu zimemshinda. Sasa nikikupigia simu, si nakuongezea mzigo? Nikaizima simu, nikaiweka sandukuni. Mtu akishaondolewa asikae anachungulia dirishani."

Hapo ndipo nililia. Yeye alipopata barua ya kufukuzwa, kitu cha kwanza alichofikiria kilikuwa machozi yangu. Mimi nilipogundua nimeituma, nilimpigia simu mara moja tu, nikaenda kufua. Mama yake mzazi akauliza kitu kwa Kiiraqw kutoka kwenye kona, Mama Elibariki akamjibu kwa kifupi, na bibi yule akatikisa kichwa na kunitazama kwa huruma iliyoniumiza kuliko ukali wa mkwewe. "Nyamaza," Mama Elibariki akaniambia hatimaye. "Utalia mpaka lini? Kilichobaki ni wewe useme mbele ya watu, maana yeye hatasema. Yeye ataacha watu waamini alifukuzwa akaomba kurudishwa."

Nikasema. Jumuiya ilikutana katikati ya wiki kwenye nyumba ya mwenyekiti wao, nami nikaletwa, Mwislamu na kanga yangu, nikasimama mbele ya picha ya familia ya mwenyekiti nikaeleza kwamba mzee hakufukuzwa na mtu, kwamba nilifunga vibaya mtambo wa kutuma barua, nikauwekea jina langu, na kwamba fedheha yote ni yangu. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Mzee Tarmo akainuka na lile blanketi, likiwa bado ndani ya plastiki yake, akataka kulirudisha. Mwenyekiti akakataa. Akasema zawadi ya kumuaga mtu hairudi, ikirudi ni kama kuyarudisha maombi. "Kaa nalo, daktari. Wewe tumeshakuaga. Sasa fanya kazi tu, hatukudai." Watu wakacheka kwa upendo, naye akacheka, na mimi nikashusha pumzi nikidhani limekwisha. Nilirudi Mbulu nimepona kabisa.

Kabati likawa la kusifiwa. Niliipatia ofisi anwani iliyokubalika, nikaondoa jina langu, nikaandika upya barua zote zianze na salamu, na kwa kuwa programu haijui umri wa mtu, ikawa inawaamkia shikamoo hata manesi wenye umri wangu, nao wakawa wananijibu "marahaba" kila wakinikuta korido. Majibu ya vipimo yakawa yanafika Tumati siku yanapopigwa picha. Wafadhili walikuja, wakapiga makofi. Mzee Tarmo alirudi kwenye koti lake la kahawia, akawa anafungua barua kilimani na kushuka na majibu ya watu. Senta walimpa jina jipya, Mstaafu. "Mstaafu, mwanangu anahara." "Mstaafu, leo chanjo ipo?" Alilipokea kama alivyopokea kila kitu. Nilipokwenda kule kikazi nililisikia jina lile likiitwa barabarani na nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mwaka ulipokaribia mwisho, siku yake ya kweli ikafika. Ofisi ilitaka kufanya kitu. Mkurugenzi akanituma nikazungumze naye, maana alisema ni deni langu. Nilimkuta zahanati, anahesabu sindano. Nikamwambia tunataka kuleta keki, soda, na cheti, tukae na watu. Akaendelea kuhesabu hadi akamaliza kisanduku. "Usiwaite, mwanangu," akasema. "Watu walishatoa. Walilia, wakachinja, wakaomba. Nikiwaita tena watakuja, kwa sababu ni watu wema, lakini watakuja kama watu wanaolipa mara ya pili. Na wengi hawataamini. Wanasema, huyu aliagwa akarudi, huyu haondoki tena." Nikamwambia basi angalau wazee waje wamwombee. Akanitazama kwa upole ule ule wa siku ya kuku. "Waliomba niende nikapumzike. Maombi hayo bado yanafanya kazi. Yalitangulia tu."

Kwa hiyo siku ile hakukuwa na mtu ila yeye, nesi aliyekuwa zamu ya mchana na ambaye alilia chooni, na mimi niliyekuja na cheti kwenye bahasha. Alifanya kazi hadi jioni. Alifagia chumba cha sindano mwenyewe. Alilivua koti jeupe la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya meza ya atakayekuja, akamkabidhi nesi funguo. Tulikuwa tumeshatoka nje na mlango umefungwa alipotokea mama mmoja kijana anapanda njia kwa haraka, mtoto mgongoni, ameshachelewa. Mzee Tarmo alimshusha mtoto palepale kwenye ngazi, akamgusa paji la uso, akamfunua jicho, akamsikiliza kifua kwa sikio lake tu kwa kuwa vifaa vilikuwa ndani. Akamwambia si jambo la kutisha, ampe maji mengi usiku, amfunike vizuri.

"Basi kesho nitamleta umpime vizuri, daktari," yule mama akasema, akimfunga mtoto tena mgongoni. "Kesho si upo?"

Nesi akaangalia chini. Mimi nilikuwa na cheti mkononi, na ilikuwa zamu yangu kusema. Neno moja tu lingetosha, na mama yule angeshika mkono wake, angemwambia asante ya miaka yote ile, na angalau mtu mmoja wa Tumati angemuaga akijua anamuaga. Nikafungua mdomo. Mzee Tarmo akanishika kiwiko kidogo, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

"Mlete asubuhi, mama," akasema, "kabla watu hawajawa wengi."